Bi Plasta na ahadi inayomnyima usingizi

Jua limeshapanda, uchochoro umebaki na kuku na nguo zilizoanikwa, na Bi Plasta ameinama juu ya kitanda akisikiliza. Ameweka sikio karibu kabisa na mdomo wa mwanamke mzee aliyelala ubavu, na mkono wake mmoja ameuinua kumzuia mgeni, mwandishi wa habari hii, aliyesimama mlangoni asipige hatua nyingine.

Pumzi inatoka. Inachelewa. Kisha inarudi, na kifua kinakoroma kidogo.

"Haya, ingia," ananong'ona, mkono ukishuka. "Vua viatu hapo. Na ukitaka kukohoa, kakohoe nje, tafadhali."

Hivi ndivyo zinavyopita asubuhi za mwanamke huyu siku hizi. Anamgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, anamlowanisha midomo kwa pamba, anabadilisha shuka bila kumwamsha, na katikati ya kila kazi anasimama kusikiliza. Uso wake ni wa mtu aliyeacha chungu jikoni na hakumbuki kama alizima moto.

Mwenye kitanda ni Bi Mwalimu, mwanamke Mwislamu aliyewafundisha dini mabinti wa mtaa huu tangu mama zao walipokuwa wasichana wadogo. Anayemuuguza ni mmisionari wa Kikristo. Hawana undugu wala dini moja, na hakuna anayemlipa kwa kazi hii. Ni rafiki yake tu, na amemwahidi jambo ambalo, saa yake ikifika, linaweza kumtoa kanisani, kumtoa mtaani, au yote mawili kwa mpigo.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa Waislamu, mtu anapokata roho, aliye karibu humkumbusha shahada, tamko la imani yao, kwa upole, ili iwe maneno yake ya mwisho duniani. Bi Mwalimu amemwomba Bi Plasta kwamba, akifikwa na saa hiyo na chumbani hakuna Mwislamu, basi yeye ndiye amtamkie.

"Nilikubali," anasema Bi Plasta akikamua pamba kwenye beseni. "Nilikubali haraka, kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani. Nilipofika nyumbani ndipo usingizi ukaniruka."

Jina la Bi Plasta alipewa na watoto wa mtaa, kwa sababu mkoba wake haujawahi kukosa plasta. Kanisa lake lilimtuma hapa miaka mingi iliyopita pamoja na mumewe, fundi cherehani, kwa maagizo mafupi: kaeni na watu, muwapende, muwe majirani wema, na nafasi ikipatikana mseme habari za Yesu. Wakapanga vyumba viwili katika uchochoro ambao wao peke yao ndio hawaendi msikitini. Mume akafungua kibanda cha kutengeneza cherehani. Mke akapata kazi ya uuguzi katika zahanati, mshahara wake ukitosha kodi ya nyumba na kubakiza kidogo cha kuwekea sufuria mekoni.

Miezi ya mwanzo haikuwa mchezo. Watu waliwasalimia vizuri, wakawajibu vizuri, na wakafunga milango vizuri. Watoto walikatazwa kupokea peremende mkononi mwake.

"Siwalaumu hata kidogo," anasema. "Na mimi mtu akija kwangu anatabasamu sana, naangalia kwanza ameficha nini mgongoni."

Aliyewafungulia mlango ni Bi Mwalimu, na hakuufungua kwa maneno matamu. Alikuwa na kidonda cha mguu kilichogoma kupona kwa sababu ya sukari. Alikuja zahanati, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mguu, akasema: "Nifunge kidonda, mwanangu, nitakushukuru. Ila kama umekuja kunibatiza, hilo beseni lako dogo."

Kidonda kilipona na mazoea yakabaki. Kila alasiri, Bi Mwalimu akishamaliza kuswali, Bi Plasta alivuka uchochoro kwenda kunywa chai, na hapo wakaanza kubishana. Walibishana juu ya Yesu, juu ya mitume, juu ya nani atakwenda wapi na kwa njia ipi. Majirani wanasimulia kwamba kuna siku sauti zilipanda hadi watu wakaja kuchungulia, wakakuta mmoja anamsuka mwenzake nywele.

"Mimi namwombea asilimu, yeye ananiombea niokoke," anasema Bi Mwalimu mwenyewe, ambaye leo ameamka na ana nguvu za kuongea kidogo kidogo. "Mungu anatusikiliza wote wawili. Kazi anayo."

Kanisa lililowatuma huuliza mara kwa mara ni wangapi wameokoka. Fundi ana jibu lake moja ambalo hajalibadilisha. "Cherehani zilizookoka ni nyingi," anasema bila kucheka. "Watu, bado."

Mambo yaligeuka pale hospitali ilipomrudisha Bi Mwalimu nyumbani. Moyo umechoka, walisema madaktari, na hawana tena la kufanya. Binti yake, anayeishi naye, anafanya kazi kiwanda cha sabuni na zamu yake ni ya asubuhi. Mwanawe wa kiume ni dereva wa lori. Akishaondoka, huonekana baada ya wiki kadhaa. Jioni wanawake wa uchochoro hujaa chumbani, wakakaa, wakasoma dua, wakaleta uji. Lakini asubuhi kila mtu yuko kwenye riziki yake. Anayebaki ni Bi Plasta, ambaye aliomba zahanati wamhamishie zamu ya jioni.

Yeye na mumewe ndio waliokigeuza kitanda ili mgonjwa aelekee kibla. Fundi alipima kwa kamba yake ya kupimia nguo, akasogeza, akapima tena, na Bi Mwalimu akawa anawaelekeza kutoka kwenye kiti kama watu wanaopanga jukwaa la harusi.

Hesabu ya nani atakuwepo saa ya mwisho, Bi Mwalimu aliipiga mapema kuliko wengine.

"Nilimwambia, asubuhi zote niko na wewe, na malaika wa kutoa roho hakunipa ratiba," anasimulia. "Akija asubuhi je? Niende kimyakimya kama gunia?"

Kwanza Bi Plasta alikataa. Akapendekeza simu: binti atafute sauti iliyorekodiwa, iwe inasikika chumbani muda wote. Bi Mwalimu alikasirika mpaka ikabidi apewe maji.

"Nimewafundisha watoto wa watu kwa mdomo wangu huu, umri wangu wote," anasema. "Leo mimi niagwe na simu? Na likiingia tangazo katikati?"

Bi Plasta akamweleza lililokuwa moyoni: kwamba maneno yale si ya kuazima, kwamba anayeyatamka huhesabiwa kuwa ameingia dini, na yeye ana dini yake. Bi Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba bila nia hakuna aliyeingia popote, jambo hilo amelifundisha na analijua. "Maneno ni yangu," alimwambia. "Wewe unanishikia tu, mpaka niyapokee."

Kuna swali ambalo mwandishi aliogopa kuliuliza mbele ya mgonjwa, akaliuliza mlangoni kwa sauti ya chini. Je, bado anatamani rafiki yake aokoke?

Bi Plasta aligeuza shuka kwenye kamba. "Kila siku," alisema. "Kila siku ya Mungu. Ndicho kilichonileta hapa. Miaka yote nimemwombea asiipite njia ile, na sasa mimi ndiye niliyekubali kumshika mkono aipite salama. Mimi mwenyewe sijielewi."

Habari ya ahadi hiyo alimwambia mumewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Fundi aliacha kazi, akafuta mafuta ya mashine mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilimwambia ukweli, sipendi," anasema. "Mke wangu namjua, hajui kufanya kitu nusunusu. Akitamka, atatamka kwa moyo wote, na huo moyo ndio ninaouhofia."

Mchungaji anayewasimamia alipopata habari, alikuja mwenyewe. Alikaa kibandani kati ya cherehani mbovu, akakataa chai, na Bi Plasta akajua hapohapo mazungumzo yataishia wapi. Kwa mchungaji, maneno ya imani hayashikiwi kwa niaba ya mtu. Ukitamka, umekiri. Aliwaambia wazi kwamba likitokea hilo, kanisa litawarudisha kwao na kazi yao hapa itafungwa.

Gazeti hili lilimpigia simu, naye hakukwepa. "Mimi si mtu katili," alisema. "Yule bibi nampenda bila hata kumjua. Lakini huyu mama sikumtuma kule akawasindikize watu waende bila Kristo. Nitawajibu nini waumini wanaotoa sadaka zao? Na Mungu nitamjibu nini?"

Bi Plasta hana kinyongo naye. "Ningekuwa mahali pake, ningesema vilevile," anasema. "Afadhali angekuwa mtu mbaya, ningelala."

Na hofu haiishii kanisani. Uchochoro ni mwembamba, madirisha yanatazamana, na mtu akipiga chafya nyumba ya tatu inamtakia afya. Jirani akimsikia Mkristo anatamka shahada, jioni mtaa mzima utakuja kumpongeza. Jumapili akionekana anakwenda kanisani, atakuwa mtu aliyeingia dini na kutoka, na mtu wa namna hiyo watu hawampi tena mkono.

Kisha likatokea la wiki iliyopita.

Ilikuwa katikati ya asubuhi. Bi Plasta alikuwa akimkanda miguu pale pumzi ilipokatika. Alisubiri irudi. Haikurudi. Macho ya Bi Mwalimu yalikuwa wazi, yanatazama dari. Bi Plasta akamshika mkono, akafungua mdomo kutimiza ahadi yake.

Kilichotoka ni sala ya Kikristo aliyofundishwa na mama yake akiwa mtoto.

"Sikuchagua," anasema. "Amini usiamini, sikuchagua. Shahada nilikuwa nayo ulimini, nimeifanyia mazoezi jikoni hadi mume wangu akahamia kibandani. Lakini nilipoogopa kwelikweli, kilichokuja ni kile cha utotoni. Nikaisali yote, kwa sauti, mwanzo mpaka amina."

Alipofika kwenye amina, pumzi ilirudi. Alipogeuka, binti wa Bi Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika kiwandani, wafanyakazi wakaruhusiwa mapema.

Binti hakupiga kelele. Aliweka mkoba chini, akamfunika mama yake miguu, kisha akauliza: "Dada, hivi ndivyo mlivyokubaliana?"

Ni vigumu kumtungia Bi Plasta jibu. Mmisionari, peke yake na Mwislamu anayekata roho, mlango umerudishwa, anamsomea sala ya Kikristo. Ndicho hasa kitu ambacho mtaa ulimshuku nacho tangu siku aliyoshusha mizigo yake hapa.

Binti anakiri kwamba naye alishuku. "Nilijiona mjinga," anasema. "Nilimwona kama mtu aliyesubiri miaka yote hiyo mama aishiwe nguvu za kubishana. Nililia, halafu nikampigia kaka."

Kaka alishusha mzigo, akageuza lori. Aliingia na vumbi lake la barabarani, hakuvua hata viatu, na akampiga marufuku Bi Plasta kukanyaga chumba kile. Akawa anakaa mwenyewe kando ya mama yake. Bi Plasta alishinda kibandani kwa mumewe, akitazama mlango wa upande wa pili, akijaribu kusoma habari kwenye nyuso za wanaotoka.

"Nilijihisi nimefiwa, na mwenyewe yu hai," anasema.

Aliyemrudisha ni Bi Mwalimu. Aligoma kula. Mwanawe akimpelekea kijiko cha uji, anafunga mdomo kama mtoto mtundu. Alitaka alishwe na Bi Plasta, alisema, kwa sababu yeye hamwagi.

"Siku ile nilimsikia," anasema Bi Mwalimu. "Masikio yalikuwa bado yangu. Hila nazijua, nimefundisha watoto mimi. Ile haikuwa hila. Alichanganyikiwa akamwita Mungu kwa namna anayoijua."

Lakini mwanawe hakuridhika. Siku mwandishi anapofika, lori limeshapakiwa mzigo mwingine na tajiri wake amepiga simu asubuhi nzima. Lazima aondoke. Anaingia chumbani na funguo mkononi, anasimama katikati, na Bi Plasta, ambaye yeye amezoea kumwita dada, leo anamwita "mama" kama anavyoitwa mtu wa mbali.

"Mama, nataka uniambie mbele ya huyu mgeni," anasema. "Mimi nikiwa njiani, ikatokea, mama yangu ataondoka na maneno gani?"

Bi Plasta anakunja taulo. Anaikunjua. Anaikunja tena.

"Sijui," anasema.

"Hujui?"

"Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya, mdogo wangu. Siku ile nilikuwa na hakika kabisa, mdomo ukanigeuka. Mchungaji simwogopi tena kama ninavyojiogopa mwenyewe. Naogopa mama atasubiri maneno yake, apewe ya kwangu."

Dereva anatia funguo mfukoni. Dada yake, anayevaa viatu tayari kwa zamu iliyosogezwa mbele leo, anasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Na mimi juzi ilinikuta," anasema dereva, kwa sauti ambayo hakuingia nayo. "Nilikuwa hapa, pumzi ikachelewa. Mimi, mtoto wa Bi Mwalimu. Nilisahau kila kitu. Nilikuwa naita tu, mama, mama, mama. Hata shahada yenyewe haikunijia."

Binti anakaa chini taratibu.

"Kumbe!" inasema sauti kutoka kitandani. "Na ada zote nilizokusamehe."

Binti anaangua kicheko, kisha analia, kisha anafanya vyote kwa pamoja. Bi Mwalimu anawaita wasogee, mwanawe na Bi Plasta, na kuwaeleza kwa mapumziko marefu jambo ambalo anasema kila mwalimu wa watoto analijua: mtu akiogopa, hujiwa na kile alichokirudia sana. Dawa yake ni kurudia. Kuanzia leo Bi Plasta atamshika mkono kila asubuhi na kumtamkia, hata siku ambazo anapumua vizuri, mpaka mdomo uzoee. Mwanawe naye afanye hivyo huko barabarani, na akirudi atasikilizwa.

"Majirani watanisikia, mama," Bi Plasta anasema. "Dirisha hilo hapo."

Dereva ndiye anayelimaliza hilo. Anatoka nje, anasimama uchochoroni na kusema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini kwamba humu ndani mama yake anafundisha, kama alivyofundisha siku zote, na yeyote atakayekuja kumpongeza mtu au kumlaumu mtu atazungumza na yeye akirudi safari. Mlango wa jirani unafunguka kidogo, unafungwa. Kibandani, cherehani iliyokuwa ikijaribiwa inanyamaza, kisha inaendelea.

Anarudi kumbusu mama yake mkono. Akipita karibu na Bi Plasta anasimama. "Nakuachia, dada," anasema, na anatoka haraka kabla hajaonekana uso.

Lori linaondoka. Binti anakwenda kiwandani. Chumba kinabaki na wanawake wawili na mwandishi, ambaye angependa kusema kwamba mambo yamekwisha vizuri. Hayajaisha. Mchungaji anatarajiwa kurudi mwezi ujao, na Bi Plasta amekata shauri kumwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu, kwamba atayatamka maneno yale. Anajua jibu litakuwa nini. Mumewe ameanza kuwarudishia wateja mashine zao, zilizopona na zisizopona, na si yeye wala mkewe anayelizungumzia.

Anaulizwa ana tumaini gani.

"Naomba aende jioni," anasema akimtengenezea mgonjwa mto. "Binti yake amemshika, chumba kimejaa watu wanaojua la kusema, na mimi niko zahanati nafunga kidonda cha mtu. Naliomba hilo kila siku. Lakini ikiwa ni asubuhi, nitamtamkia, yote, mpaka mwisho. Kisha nitatoka niende uani nimwambie Yesu nilichofanya, kabla mchungaji hajamwambia."

Alidhani mgonjwa amelala.

"Usijisumbue kutoka," Bi Mwalimu anasema, macho yamefumbwa. "Mimi nitakuwa nimeshatangulia. Nitamweleza Mola mwenyewe kwamba nilikutuma."

Bi Plasta anakaa ukingoni mwa kitanda, anamshika mkono.

"Basi ukifika umweleze mapema, mama," anasema. "Mimi naogopa."